Waliojilaza Ubavu wa Kushoto

Mlango wa nyumba ya Kusanyiko ulifungwa usoni mwa Inspekta Scola Jilala mara mbili asubuhi ile. Mara ya kwanza alikuwa amebisha kwa adabu. Mara ya pili alibisha kwa buti, na Koplo Sylvester aliyesimama nyuma yake akakohoa kidogo, maana yeye alilelewa kuheshimu nyumba za ibada, hata za watu asiowapenda.

"Leo siyo Sabato," Scola alisema kwa sauti ya kusikika ndani. "Msinitafutie kisingizio."

Aliyefungua mara ya tatu ni Mzee Mayunga mwenyewe, mkuu wa Kusanyiko, mwembamba, ndevu nyeupe, macho makavu ya mtu aliyezoea kutii­wa. Scola alimwamkia, "Mwangaluka, baba." Mzee hakuitikia. Kwa Wasukuma, mzee akiacha salamu yako ielee hewani amekutukana mbele za watu, na Scola, mzaliwa wa Nyalikungu pale Maswa, alilielewa tusi lile vizuri sana. Alilimeza akaingia.

"Muuaji mnaye tayari," Mzee Mayunga alisema. "Mmekuja kutafuta nini tena kwetu?"

"Nimekuja kuangalia mlivyokula."

Muuaji aliyekuwa anatajwa ni Nyanjige, mjane wa Mwalimu Marcelo Ngassa. Mwalimu alifia humu humu ndani, kwenye karamu ya Pasaka, povu likimtoka mdomoni kabla hata nyama haijaletwa. Majibu ya mkemia yalisema ni dawa ya kunyunyizia pamba. Ilikuwemo tumboni mwake na ndani ya kikombe chake, wala haikuwemo kwenye jagi la juisi ya choya walilonywea wote. Polisi walikuta chupa ya dawa hiyo jikoni kwa Nyanjige. Chupa haikumsumbua Scola hata kidogo. Upande huu wa Sapiwi, nyumba isiyo na chupa ile ni ya mtu asiyelima. Kilichomfunga mama yule kilikuwa maelezo ya Bujiku, muumini wa Kusanyiko, aliyeapa kwamba alimwona kwa macho yake akitia kitu kwenye kikombe cha mumewe.

Mkuu wa upelelezi aliyemsimamia Scola alitaka jalada lipelekwe mahakamani mchana wa leo. Shitaka la mauaji halina dhamana. Nyanjige angehamishiwa mahabusu ya gereza na uzee wake akisubiri kesi ambayo huenda ingemkuta amekufa, na kama ingemkuta hai, ilikuwa na kitanzi mwishoni. Scola aliomba aende kwenye eneo la tukio mara moja ya mwisho, na mkuu wake akamcheka, akamwambia mafuta ya gari ayaweke mwenyewe. Akayaweka.

"Nieleze kwanza," alimwambia Mzee Mayunga. "Mwalimu alikuja kufanya nini hapa? Hakuwa mtu wenu."

Mzee alitazama pembeni kana kwamba swali linanuka. Alieleza kwa mkato. Watu wake walitoka madhehebu mbalimbali wakaamua kurudi kwenye njia ya Israeli, washike Sabato na sikukuu zake. Kila chenye asili ya Kigiriki walikitupa, kwa sababu Wagiriki ndio waliotaka kuwafuta Wayahudi. Walichoma vitabu. Walibadili majina. Lakini hawakujua Wayahudi wanavyoandaa meza ya Pasaka, na Mwalimu Marcelo, aliyefundisha seminari miaka mingi, alisoma Kiebrania na Kigiriki vyote viwili. Ndipo wakamwita.

"Akafundisha vizuri?"

"Alifundisha. Halafu akaanza kufundisha ambayo hakuitiwa."

"Kama yapi?"

Hapo ndipo Mzee alipopata ulimi. Chuki ina faida hiyo, humfanya mtu mkavu kuwa msemaji. "Alisimama hapo ulipo, akawaambia watu wangu kwamba wazee sabini wa Kiyahudi walikwenda Misri, mji wa Aleksandria, wakaitafsiri Torati kwa Kigiriki. Kwamba Wayahudi wa kule waliisoma Kigiriki kwenye masinagogi yao, baba kwa mwana, bila kuona haya. Nikamwambia wapo marabi walioandika kwamba siku ile ya kutafsiri ilikuwa mbaya kwa Israeli kama siku ya ndama wa dhahabu. Unajua alinijibu nini? 'Ni kweli, Mzee. Na wapo marabi walioandika kwamba kama Torati itaandikwa kwa lugha ya kigeni, Kigiriki ndicho pekee kinachofaa. Wote ni marabi, na wamekaa kitabu kimoja.' Watu wakacheka."

"Walikucheka wewe."

"Walicheka," Mzee alisema. "Nikamtolea Wamakabayo, waliomwaga damu kumkataa mfalme wa Kigiriki. Akasema wajukuu wa Simoni Makabayo waliitwa Aristobulo na Aleksanda, majina ya Kigiriki, nao wakatawala Yerusalemu. Kila nilichoshika alininyang'anya. Na kwa upole, Inspekta. Kwa upole wa kuudhi."

Koplo Sylvester, ambaye jina lake mwenyewe, la Kirumi, nalo lisingepita mlangoni pale, aliinamisha kichwa asicheke. Scola hakucheka. Alikuwa amesikia mtu akisema wazi kwamba aliaibishwa, na watu wengi aliowakamata katika kazi yake walianzia hapo.

"Waite waliokuwepo usiku ule," alisema. "Wanaume walale kama walivyolala. Na mama aliyesaidiana na Nyanjige jikoni aje pia."

"Hii ni nyumba ya ibada, siyo ukumbi wa maigizo."

"Utachagua, Mzee. Watalala hapa au watalala kituoni."

Walikuja kwa kununa. Nyumba ilikuwa nyembamba na ndefu, iliyokusudiwa kuwa ghala la pamba kabla Mungu hajaihitaji, na karamu ililiwa chini, juu ya ngozi za ng'ombe zilizopangwa mstari mmoja kufuata ukuta. Kila mwanamume alikuwa na kiroba kilichojazwa pamba cha kuegemea. Mwalimu aliwafundisha kwamba usiku wa Pasaka Myahudi haketi kama mtumwa anayengoja kuitwa. Hujilaza ubavu wa kushoto, kiwiko juu ya mto, kama mtu huru. Kisha siku moja kabla ya karamu, alipoulizwa desturi hiyo imetoka wapi, akasema imetoka kwenye karamu za Wagiriki na Warumi. Kuegemea, kuchovya mboga kabla ya chakula, kuulizana maswali huku vikombe vinazunguka, vyote vilikuwa vya mabwana wa Kigiriki. Wayahudi waliviona, wakavichukua, wakavitumia kusimulia jinsi wao walivyotoka utumwani. Kusanyiko zima lilikuwa limeshajifunza kulala, na ngozi zilishatandikwa, haikuwezekana tena kubadili.

Mama wa jikoni aliitwa Elizabeth, mnene, kitenge kimefungwa kwa hasira. Scola alimpa jagi lenye maji.

"Fanya alivyofanya Nyanjige."

Elizabeth alilibeba jagi hadi mwisho wa mstari, akaliweka chini karibu na mtu wa nyuma kabisa, akageuka kuondoka.

"Ngoja. Mimina."

"Nimimine nini?"

"Juisi. Kwenye vikombe."

Elizabeth alimtazama kama mtu aliyeambiwa akamue dume. "Sisi hatukumimina. Mwalimu alikataa. Alisema mtu huru hajimiminii mwenyewe, na usiku ule hakuna mtumwa wala mke wa kutumikishwa. Aliye nyuma yako ndiye anakumiminia. Sisi tuliweka jagi tukarudi uani."

Scola alisikia masikio yakipata moto.

"Mbona kituoni hukusema?"

"Afande, wewe uliniuliza nani alipika, nani alileta kinywaji. Nikasema Nyanjige. Si alileta? Na hapa tuliambiwa tujibu tulichoulizwa, basi."

Swali lile Scola aliliuliza yeye mwenyewe, na hakuwa na mtu wa kumsukumia lawama. Kuanzia Bariadi hadi Malampaka, nyumba ya Mkristo au ya mganga, anayeleta kinywaji kwa wanaume ni mwanamke na anayemimina ni huyo huyo. Nani angefikiria kuuliza mara mbili? Aliona aibu, na aibu ikamwongezea ukali. Mwanamke mzee alikuwa analala kwenye saruji kwa sababu polisi mwanamke alidhani anajua wanawake wote hufanya nini mezani.

"Laleni," aliwaamuru wanaume. "Kila mtu mahali pake pa usiku ule. Koplo, wewe ni Mwalimu."

Walijilaza. Kwa kuwa wote waliegemea kushoto, wote walitazama upande mmoja, na kila mtu alikuwa na mgongo wa mwenzake mbele ya pua yake. Mbele kabisa alilala Bujiku, kijana mpana wa mabega, asiyetulia macho. Nyuma yake Sylvester alijilaza kwenye ngozi ya Mwalimu, akiona haya kwa ajili ya viatu vyake. Baada ya Sylvester kulikuwa na ngozi tupu na kiroba kisicho na mtu. Kisha ndipo mstari uliendelea, fundi baiskeli mmoja, na wengine nyuma yake, hadi kwenye jagi.

Hakuna aliyewaambia waache nafasi. Miili yao iliiacha yenyewe.

Scola alijifanya hajaiona. Alichuchumaa mbele ya Bujiku.

"Ulisema ulimwona Nyanjige akitia kitu kwenye kikombe cha mumewe."

"Nilimwona."

"Ukiwa umelala hivyo?"

"Hivi hivi."

"Unaona nini sasa hivi?"

"Naona… naona wewe, afande."

"Nyuma yangu?"

"Ukuta."

"Koplo, shika kikombe. Bujiku, Koplo amekishika kwa mkono upi?"

Bujiku alianza kugeuza shingo. Scola alimzuia kidevu kwa kidole kimoja. "Usiku ule uligeuka?"

"Hapana. Mwalimu alisema tusigeuke-geuke, tutamwaga."

"Basi jibu."

"Wa kulia."

Sylvester aliinua kikombe juu, watu wote wakione. Kilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Minong'ono ikaanza uani, ambako wanawake walijazana mlangoni, na Mzee Mayunga akasogea mbele. "Bujiku, jibu unachoulizwa. Usi—"

"Mzee," Scola alisema bila kumtazama, "ukifungua mdomo tena kabla sijakuuliza, nakutia pingu mbele ya hawa hawa." Akamrudia Bujiku. "Vikombe vilikwendaje?"

"Unapitisha kikombe chako nyuma, juu ya bega. Wa nyuma anakijaza, anakurudishia. Halafu anakupa jagi, na wewe unamjazia wa mbele yako."

"Kwa hiyo wewe nani alikujazia?"

"Mwalimu."

"Jagi lile lile?"

"Ndiyo."

"Ukaumwa?"

"Hapana."

"Wewe wa mwisho kunywa ulipona. Jagi lilikuwa zima. Kikombe cha Mwalimu kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu, na Mwalimu alikuwa amempa mgongo. Nyanjige wakati huo alikuwa wapi?"

"Uani," Elizabeth alijibu kutoka mlangoni, bila kuulizwa. "Tulikuwa tunakata nyama. Mimi naye, kisu kimoja."

Scola alisimama, akaenda kwenye ngozi tupu, akakipiga teke dogo kile kiroba. "Hapa alilala nani?"

Mzee Mayunga alisema, polepole, kwamba yeye alisimama mlangoni usiku wote akiongoza sala. Scola alimgeukia fundi baiskeli aliyelala nyuma ya ngozi ile. Fundi alimtazama Mzee, kisha akatazama kiroba.

"Wewe ulipitisha jagi mbele. Ulimpa nani?"

"Afande, mimi nina watoto."

"Na Nyanjige hana?"

Fundi alifumba macho. Ni Bujiku aliyeongea, akiwa bado amelala vile vile, ameutazama ukuta.

"Mwalimu aliporudishiwa kikombe alisema, 'Asante, Mzee.' Niliisikia."

"Mwongo," Mzee Mayunga alisema.

"Wazee hapa ni wengi," Scola alisema. "Mzee yupi?"

"Yeye ndiye aliyelala hapo. Sote tunajua. Alisema mgeni wa heshima lazima amiminiwe na mkuu wa nyumba."

"Na Nyanjige? Mbona ulimsingizia mama wa watu?"

Bujiku aliketi. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kitu alichokibana muda mrefu. "Mwaka jana Mzee aliniambia jina la mke wangu ni la Kigiriki, halifai kuitwa katika nyumba ya Israeli. Mke wangu ni Eufrasia. Nikamwambia abadilishe. Akasema jina alipewa na bibi yake, habadilishi kwa ajili ya mtu yeyote. Nikamrudisha kwao Malampaka. Alikuwa na mimba. Nilimbebea boksi mimi mwenyewe mpaka stesheni." Akajifuta pua kwa kiganja. "Halafu Mwalimu akaja. Akasema Wayahudi wenyewe walijiita Filipo, wakajiita Aleksanda, mpaka makuhani wakuu waliitwa Yasoni na Menelao. Alisema huku anacheka, kama jambo dogo tu. Sasa mimi nifanyeje, afande? Kama Mwalimu alisema kweli, basi nilimfukuza Eufrasia bure. Mzee akaniita baada ya msiba. Akasema mtu aliyeuawa na mke wake mwenyewe hakuwa na Mungu, na mafundisho yake yatazikwa naye. Akaniambia niseme nimeona. Nikaona afadhali iwe Nyanjige."

"Afadhali."

"Ndiyo. Nilitaka Mwalimu awe mwongo."

Scola alikuwa amesikia sababu nyingi za ushahidi wa uongo, woga, tamaa, ulevi. Hii ilimkera kuliko zote kwa sababu aliielewa. Alitamani kumpiga kofi kijana yule, na alitamani kumpa maji. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimwambia Sylvester amsimamishe.

Kisha akamwomba Mzee Mayunga kanzu aliyovaa usiku wa Pasaka. Mzee alisema kanzu ya sikukuu haiguswi na mikono ya watu wa mataifa. Scola akamwambia yuko tayari kuigusa kwa glovu. Ilikuwa inaning'inia nyuma ya pazia, nyeupe, na ukingo wa mkono wa kulia ulikuwa na madoa mekundu ya juisi ya choya. Huenda yalikuwa choya tupu. Scola aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa karatasi, akaandika juu yake mbele ya mashahidi wawili ili ipelekwe kwa mkemia, na ndipo kwa mara ya kwanza asubuhi ile Mzee Mayunga alipotazama chini.

"Nakukamata kwa kumuua Marcelo Ngassa," alimwambia. "Una haki ya kukaa kimya. Umeshazoea kuwafundisha wenzako."

Pingu zilipofungwa, Mzee aliwageukia watu wake. "Mmeona? Nimewatoa Misri, mnaililia. Mtaimba Kigiriki, mtawapa watoto wenu majina ya sanamu, na hakuna atakayewacheka." Alingoja waitikie. Wanaume walikuwa wanainuka kwenye ngozi mmoja mmoja, wakijifuta pamba kwenye nguo. Elizabeth peke yake ndiye aliyemsogelea. Alimtemea mate miguuni, akaenda kulichukua jagi lake.

Kituoni mkuu wa upelelezi alisoma maelezo mapya akiwa amesimama. Aliyasoma mara ya pili akiwa amekaa. Hakusifu wala hakuomba radhi. Alisema tu, "Mtoe yule mama," kisha akaanza kutafuta miwani iliyokuwa usoni mwake.

Nyanjige alitoka chumba cha mahabusu akiwa ameshika viatu mkononi. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko Scola alivyomkumbuka. Scola alimwamkia kwa heshima, akimwita mayu, yaani mama, akamweleza yote bila kujikosha, pamoja na swali alilolikosea. Nyanjige alimsikiliza hadi mwisho.

"Hukuniuliza mimi nani alimimina," alisema. "Uliniuliza kwa nini nimemuua."

"Ndiyo, mayu."

"Nisingekuficha."

"Najua."

"Hujui," Nyanjige alisema. Akavaa viatu, taratibu, mkono mmoja ukutani. Scola alitaka kumshika, mama akausogeza mwili pembeni.

Bujiku alikuwa kwenye benchi la mapokezi, pingu mikononi, akingoja kuandikishwa kwa kosa la ushahidi wa uongo. Alipomwona Nyanjige aliinuka, halafu akaona hana la kufanya na kusimama kule. Sylvester alijiweka katikati yao, maana mjane ana haki zake na mikono yake.

Lakini Nyanjige hakuinua mkono. Alimtazama Bujiku kwa muda, kama mtu anayemtafuta mwingine ndani yake.

"Marcelo ndiye alikumiminia, kabla hajanywa chake?"

"Ndiyo, mayu."

"Alijaza?"

Bujiku alitikisa kichwa kukubali.

"Ukanywa yote?"

"Nilikunywa yote, mayu."

Nyanjige alitikisa kichwa naye, akaupitisha mtandio begani, akatoka nje kwenye jua kutafuta pikipiki ya kumrudisha Sapiwi.